MPIKA POMBE NA JIRANI YAKE

Kila mwaka, mvua zikiisha katika nchi ya Chemba na mavuno yakaingia nyumbani, mama wa nyumba huketi na ungo wake akachagua nafaka. Iliyo nzima huiweka upande mmoja, maana ndiyo ya ghala na ya mbegu. Iliyovunjika huitenga kwa ajili ya kuku. Na ile iliyoota ukungu, iliyobadilika rangi na kunuka uvundo, ile ambayo mama hathubutu kuwasongea wanawe ugali, yaenda wapi? Si wote, lakini wengi, wala si Chemba peke yake bali katika mikoa yetu mingi na katika nchi jirani, wanalo jibu moja: "Hiyo ni ya pombe."

Juu ya neno hilo fupi twataka kufikiri leo pamoja na wasomaji wetu. Ndani yake limo swali kubwa kuliko lionekanavyo. Mama huyu ameshaamua kwamba nafaka hii haimfai mtoto wake. Je, yawezaje kumfaa mtoto wa mwenzake, kwa sababu tu ni mtu mzima na amekuja na fedha yake mkononi? Yule anywaye pombe yangu ana haki gani kwangu?

Twajua wapo wasomaji wa aina mbili watakaokunja uso. Wa kwanza watasema: pombe yote ni dhambi tupu, basi ya nini kujadili ni nafaka gani iliyopikiwa? Wa pili watasema: mambo ya kilabuni yabaki kilabuni, gazeti la Kanisa lina habari nyingine za kuandika.

Kwa wale wa kwanza twajibu kwamba hayo siyo mafundisho ya Kanisa. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwahubiria wageni juu ya ubaya wa kunywa. Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, aliwapimia wamonaki kipimo chao cha divai kwa siku, ingawa tukisoma vizuri twaona kwamba angependa zaidi wasinywe kabisa. Hata Kitabu cha Ibada cha Kirumi kimekuwa na sala maalumu ya kubariki bia. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kinywaji hakikatazwi kwa asili yake. Hugeuka kuwa haramu kwa sababu ya mnywaji mwenyewe, au ya kipimo, au ya nadhiri aliyoiweka, au ya kwazo awapalo wengine. Ulevi ni dhambi, wala hatulipunguzi neno hilo hata kidogo. Twazijua nyumba ambamo watoto hulala na njaa na baba akirudi usiku ana wimbo mdomoni. Lakini habari za mlevi zimeandikwa mara nyingi, nazo habari za mpishi hazijaandikwa.

Kwa wale wa pili twasema tu kwamba amri ya tano na amri ya saba hazina mlango ambapo husimama na kungoja nje. Kilabu ni mahali kama pengine.

Wilaya ya Chemba ilipata kuwa wilaya mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Kondoa. Ipo kaskazini mwa mji wa Dodoma, na barabara kuu iendayo Kondoa na Babati yapita humo. Huko waishi Wasandawe wa Farkwa na Kwamtoro, watu wenye lugha ya vidoko isiyofanana na lugha za jirani zao. Wapo Waburunge wa Goima, wapo Warangi, wapo Wagogo. Mvua ni ya msimu mmoja tu, yapata Desemba hata Aprili, nayo mara nyingi hukatika katikati, mazao yakiwa yanatoa maua. Uwele na mtama huvumilia taabu hiyo. Mahindi hayavumilii, lakini watu wameyapenda, na kila mwaka huyapanda kwa matumaini mapya.

Katika nchi ya namna hii pombe ya nafaka haikuwa mchezo tangu zamani. Asiyepata kuipika hudhani ni kuchanganya unga na maji na kungoja. Sivyo. Mtama hulowekwa, kisha humwagwa maji, hufunikwa kwa majani au kwa gunia upate kuchipua. Siku chache zikipita huanikwa juani, hukauka, husagwa: hicho ndicho kimea, na siri yote imo humo. Nafaka ichipuapo hutengeneza ndani yake vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari ili mmea mchanga upate chakula. Mpishi humwibia mmea chakula hicho. Hupika uji mzito wa unga mwingine, huuacha upoe, kisha hutia kimea. Uji ukiwa wa moto mno, vimeng'enya hufa na kazi yote ni bure. Ukiwa umepoa mno, hubaki mzito wala haupati utamu. Mama hana kipimajoto. Ana mkono wake na mazoea aliyorithi kwa mamaye, na mara nyingi mkono huo haukosei. Ukinywewa mapema, ungali mtamu, ni togwa, kinywaji cha watoto na cha kila asiyetaka kulewa. Ukiachwa, chachu iliyobaki katika mtungi wa safari iliyopita huila ile sukari, povu hupanda, na kesho yake au keshokutwa ni pombe. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alitoa kitabu chake juu ya bia mwaka 1876, akaonyesha kwamba chachu ni kitu chenye uhai na kwamba bia huharibika kwa sababu ya vijidudu vingine viingiapo. Wanawake wa nyanda zetu za kati walikuwa wakiifuga chachu hiyo katika mitungi yao bila kulijua jina lake.

Twasema haya ili tuwe na heshima kwa ufundi wenyewe. Mwenye ufundi ndiye aliye na wajibu. Asiye na ufundi hakuna wa kumdai.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wengi, makarani, walimu, mafundi wa mitambo, wanaopika bia nyumbani kwao kwa kujifurahisha tu. Uingereza iliondoa masharti ya leseni kwa watu hao mwaka 1963. Marekani, iliyokuwa imepiga marufuku vileo tangu 1920 hata 1933, haikuwaruhusu kwa sheria ya taifa mpaka mwaka 1978, Rais Carter alipotia sahihi. Watu hao wana desturi mbili ambazo hatuoni haya kuzisifu. Kwanza, huandika daftarini: siku waliyopika, kimea kiasi gani, joto gani, ilichukua siku ngapi, ilikuwa na ladha gani, na safari ifuatayo husahihisha. Pili, husema wenyewe kwamba sehemu kubwa ya kazi yao ni kuosha vyombo. Lakini lipo jambo la tatu, nalo ndilo lililotuvuta. Sheria zao haziwapi ruhusa ya kuuza bia hiyo. Humnywesha rafiki, humnywesha jirani, nao wenyewe hukaa mezani pamoja naye. Kilicho kibovu watakinywa wote.

Nasi tulikuwa hivyo. Katika nchi ya Chemba, kama katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, pombe ilikuwa mshahara wa ujima. Mtu mwenye shamba la kulima au nyumba ya kujenga aliwaalika majirani, mkewe akapika, na kazi ilipokwisha wote waliketi kuuzunguka mtungi mmoja. Mwenye pombe alionja kwanza mbele ya watu. Desturi hiyo ya kuonja haikuandikwa katika kitabu chochote cha sheria, lakini kila mtu aliifahamu maana yake: kilichomo humu nimekikubali tumboni mwangu kabla ya kukitia tumboni mwako. Twaona kwamba katika tendo hilo moja palikuwa na fundisho zima la haki baina ya mtu na mwenzake.

Kisha ikaja fedha, ikaja kodi, kikaja kilabu. Mnywaji wa leo si lazima awe shemeji au jirani wa shamba. Huenda ni dereva wa lori aliyelala njiani, au fundi aliyeletwa kujenga madarasa, au mchuuzi aliyekuja mnadani na ng'ombe wake. Kesho hayupo. Mpishi mwenyewe mara nyingi hanywi. Wako wapishi hodari ambao hawajaonja pombe yao tangu walipozaa mtoto wa kwanza. Hivyo uzi uliowafunga mpishi na mnywaji umekatika, na mahali pake imebaki bei tu.

Wala asiwepo wa kumlaumu mama kwa kuuza. Tangu 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Lakini sare haikufutwa, wala daftari, wala dawa, wala nauli ya kwenda hospitali. Wanaume wengi wana ng'ombe au alizeti ya kuuza. Mwanamke, hasa mjane na yule aliyeachwa, ana mtungi. Tena wale wahubiri wanaosema kwamba kupika pombe miezi ya njaa ni kuunguza chakula, na wafanye hesabu kwanza. Mama mwenye debe moja la mtama mwezi wa Februari akilisonga lote, linakwisha. Akilipika na kuliuza vizuri, aweza kununua debe lingine na kubakiwa na fedha ya chumvi. Wagogo wangali wanaikumbuka njaa ya Mtunya, ile iliyoanza mwaka 1917 wakati wa vita, na hatukusudii kufanya mzaha na nafaka. Twasema tu kwamba hesabu ya mama yule ni ya mtu mwenye akili, na anayetaka kumshauri sharti aanzie hapo.

Sasa tuje kwenye ile nafaka iliyotengwa.

Katikati ya mwaka 2016 watu walianza kuugua katika wilaya za Chemba na Kondoa na sehemu za jirani za mikoa ya Dodoma na Manyara. Macho yaligeuka manjano, matumbo yalivimba, wakatapika. Kwanza uliitwa ugonjwa usiojulikana. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao walifariki dunia. Wataalamu walipopima waliona kwamba ni sumukuvu, sumu itokayo katika kuvu la jamii ya Aspergillus, na kwamba ilikuwamo katika mahindi waliyolima na kuyahifadhi wenyewe. Kenya ilikuwa imepatwa na msiba wa namna hiyo mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, ambako watu 125 walikufa. Sumu yenyewe ilijulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu.

Tuseme wazi: wale wa Chemba hawakuuawa na pombe. Waliuawa na chakula cha nyumbani, nafaka ambayo mama aliiona ni njema ya kutosha kuwapikia wanawe. Lakini hilo badala ya kumpa faraja mpishi wa pombe lamtia hofu zaidi. Ikiwa nafaka iliyohesabiwa kuwa njema iliua, tufikiri nini juu ya ile iliyokataliwa kwa macho?

Watu wengi hujituliza kwa kusema kwamba moto husafisha yote, na kwamba pombe ikichacha huua kila kidudu. Kuvu lenyewe hufa, ni kweli. Sumu iliyoiacha haifi. Yastahimili moto wa jikoni, wala hapana mtu awezaye kutegemea chachu kuiondoa. Haina ladha. Haina harufu yake peke yake. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo hulidhuru ini miaka mingi na kuleta saratani, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Na ini hilo hilo ndilo lifanyalo kazi ya kuiondoa pombe mwilini, hivyo mnywaji wa namna hii hushambuliwa na adui wawili katika nyumba moja.

Msiba mwingine ulitokea karibu yetu, na huo ulikuwa wa pombe kweli. Mwezi wa Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete, nchi ya Msumbiji, watu waliotoka mazishini walikunywa pombe ya mahindi iliyopikwa nyumbani. Watu 75 walikufa. Uvumi ulienea upesi: mtu ametia nyongo ya mamba. Wataalamu walipochunguza katika maabara hawakuona nyongo ya mamba. Waliona sumu nyingine, isiyo ya kuvu, iitwayo asidi ya bongkreki, ambayo bakteria huitengeneza katika unga wa mahindi ulioharibika. Na mama aliyeipika pombe hiyo alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Wasomaji walitafakari jambo hilo la mwisho. Mama yule hakuwa na nia mbaya kwa mtu. Aliishika ile desturi nzuri ya kale, alikunywa alichowapa wengine, na bado haikuwaokoa. Kumbe kuonja hakutoshi. Kuonja kulikuwa ushahidi wa moyo mweupe, na moyo mweupe waweza kukaa pamoja na mtungi wenye sumu. (Tukikumbuka pia ni wajane wangapi katika nchi yetu waliofukuzwa au kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, hatuna budi kumshukuru Mungu kwa ajili ya maabara. Sumukuvu ikiua watu watatu katika nyumba moja, mtu mwovu hana shida ya kumpata bibi kizee wa kumtwisha lawama.)

Hapa ndipo swali letu lashika uzito wake. Dhamiri yadai nini juu ya kitu ambacho ulimi hauwezi kukitambua? Walimu wa Kanisa, na Mtakatifu Tomaso akiwa mbele yao, hutofautisha ujinga wa namna mbili: upo ujinga ambao mtu hakuwa na njia ya kuuondoa, na huo humtoa hatiani, upo ujinga ambao angaliweza kuuondoa, tena ilimpasa auondoe, naye ameuacha kwa uvivu au kwa sababu unamfaa. Mama wa Farkwa aliyepikia pombe mahindi yenye kuvu mwaka 2000 hana hatia mbele ya Mungu. Hakuna aliyemwambia. Lakini baada ya makaburi ya 2016, baada ya matangazo ya redioni na mikutano ya vijijini, je, mtu wa Chemba aweza bado kusema hakusikia? Na asomaye maneno haya, hata akiwa Kagera au Mtwara, ameshasikia.

Mtakatifu Tomaso huyo huyo, anapoeleza dhambi za biashara, asema kwamba muuzaji ajuaye kasoro iliyofichika katika bidhaa yake, nayo ni kasoro ya kumletea mnunuzi hatari au hasara, sharti aitaje. Akinyamaza, amekosa haki. Tujaribu kulipima jambo letu kwa kanuni hiyo. Je, yupo mpishi ambaye angesimama mlangoni pa kilabu akatangaza, "Leo nimepika kwa mahindi niliyoogopa kuwapa wanangu"? Kama hawezi kulitamka, basi amekwisha kujihukumu mwenyewe.

Wengine hujibu: babu zetu walikunywa hivyo hivyo, wala hawakufa. Walikufa. Walikufa kwa ini, tumbo likavimba, wakazikwa, na watu wakasema ni kazi ya jirani. Wengine husema nafaka ni mali yangu, niitumie nipendavyo. Nafaka ni yako, lakini ini la dereva wa lori si lako.

Hayo yote ni rahisi kuandika. Lililo gumu ni hili: gunia lile bovu lifanywe nini? Wapo wanaoshauri kwamba kisicholiwa na watu kilishwe mifugo. Ng'ombe akilishwa nafaka yenye sumukuvu, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, na maziwa hunywewa na mtoto. Kuku nao hudhurika, kama wale bata mzinga wa Uingereza. Basi yabaki kuifukia au kuiteketeza. Mwambie hivyo mtu aliyelima kwa jembe la mkono chini ya jua la Kwamtoro, aliyepata magunia manne mwaka mzima, na moja limeharibika. Unamwambia achome robo ya jasho lake. Nani kati yetu waandishi aliyepata kuchoma robo ya mshahara wake kwa ajili ya ini la mtu asiyemjua?

Kwa hiyo twaona kwamba amri hii, ingawa ni ya kweli, haiwezi kutupwa juu ya mgongo wa mama mmoja kisha sisi wengine tukaenda zetu. Anayedai haki ya kunywa kilicho salama na abebe sehemu ya gharama. Tumesikia wanaume wakilalamika kilabuni kwamba kopo limepanda bei, na papo hapo wakitaka kubwa zaidi. Mpishi hufanya nini, kama si kutafuta nafaka ya bei ya chini kabisa? Wapo pia akina baba ambao kila jioni fedha yao hupatikana kwa ajili ya kinywaji, lakini wakati wa mavuno mke akiomba turubai la kuanikia mahindi wasema fedha hakuna. Mahindi yakaanikwa juu ya udongo mtupu, yakapata kuvu, yakapelekwa mtungini, na baba akayanywa. Twadhani katika habari hiyo mshitakiwa si mama.

Zipo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo katika kila kigango. Hukusanyika kila wiki, husali, huchanga kwa ajili ya misiba na arusi. Hatuoni kwa nini zisichange pia kwa ajili ya jambo hili. Turubai moja laweza kuzunguka nyumba kumi wakati wa mavuno. Mifuko isiyopitisha hewa yaweza kununuliwa kwa pamoja. Chupa kavu, nafaka kidogo na chumvi kavu humo ndani, ukitikisa na kuiacha kidogo, zatosha kuonyesha kama nafaka imekauka: chumvi ikiganda kwenye kioo, bado ina maji, isiwekwe ghalani. Bwana shamba aalikwe aje aseme baada ya sala. Serikali nayo kwa mradi wake wa TANIPAC imekuwa ikiifanya kazi hii ya kupambana na sumukuvu, lakini mradi haukai jikoni kwa mtu. Tena, na hili twalisema kwa mkazo, jumuiya iwe na kibaba cha kila nyumba kilichowekwa akiba, ili mwenzao aliyeteketeza gunia lake kwa ajili ya dhamiri asilale njaa mwezi wa Februari. Pasipo hicho kibaba, mahubiri yetu juu ya nafaka mbovu ni maneno ya watu walioshiba.

Jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi katika vijiji vya Chemba, hawana kilabu cha kusafisha. Lakini wana ugali, uji na karanga, na kuvu haliulizi dini ya mtu. Katika kazi hii twaweza kuwa kamati moja.

Tusisahau pia meza zetu wenyewe. Ikifika sikukuu ya somo wa parokia, au upadrisho, au jubilei, kamati ya chakula huagiza pombe ya kienyeji kwa ndoo nyingi na kuutafuta upishi wa bei nafuu. Na kamati hizo ziulize ilipikwa kwa nafaka ya namna gani, zilipe bei inayolingana na nafaka nzima, na ikiwezekana zimpe mpishi nafaka yenyewe mapema, imekwisha chaguliwa. Kadhalika magunia ya sadaka ya mavuno yachaguliwe kabla ya kuingia ghala la misheni. Wapo watoaji, twasikitika kusema, wanaomletea Mungu lile gunia ambalo pengine wangalilipeleka mtungini.

Huenda mama mmoja atauliza: mimi nimekwisha kuuza pombe ya namna hiyo miaka mingi, je, nadaiwa malipizi? Ikiwa hakujua, hadaiwi dhambi wala malipizi, wala asiisumbue roho yake kwa kuwahesabu wagonjwa wa kijiji. Ikiwa alijua na kunyamaza, njia ya kitubio ipo wazi. Ama ikiwa leo, asomapo gazeti hili au asomewapo na mwanawe, mtungi wa nafaka mbovu unachacha nyumbani mwake na wateja wanakuja kesho, aumwage jioni hii, aukoshe na kuuanika juani. Na kama amekwisha kupokea fedha zao, awarudishie, au awaombe wamsubiri siku chache apike nyingine kwa nafaka nzima.